Tulipokwenda Lucca Tukiwa Bado Wanne

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa pili, kama saa nne asubuhi, mke wangu aliponiambia kwamba anahama. Alikuwa akikata mboga jikoni kwetu Thornton Heath, watoto wako sebuleni wanatazama katuni. Hakupandisha sauti. Alisema amepata fleti ya vyumba viwili, vituo vitatu vya treni kutoka kwetu, na ataingia mwezi wa sita. Watoto tutakaa nao kwa zamu, wiki kwake, wiki kwangu. Kisha akaosha kisu, akakipangusa, akakirudisha kwenye droo, ndipo akanitazama.

"Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Basi sema kitu."

Nikamwambia, "Na safari ya Italia je?"

Mpaka leo sijui kwa nini neno hilo ndilo lililonitoka. Mtu anaambiwa ndoa yake ya miaka kumi na minne imekwisha, naye anauliza habari za likizo. Aliniangalia kwa muda kama anayetafuta kitu usoni kwangu, halafu akasema, taratibu, "Safari tutakwenda. Watoto wasijue chochote mpaka turudi. Waipate safari yao nzima."

Safari yenyewe ilikuwa wazo la binti yetu mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa ameona katika kitabu cha maktaba ya shule picha ya mji mdogo wa Italia uitwao Lucca, mji wa kale uliozungushiwa ukuta mnene, na katikati yake mnara wenye miti ya mialoni iliyoota juu ya paa. Aliileta picha hiyo mezani wakati wa chakula akatuonyesha mmoja mmoja. Sisi hatukuwahi kwenda likizo ya kutembea tu na kuangalia. Kila likizo yetu ilikuwa ya nyumbani, Korogwe kwetu na Iringa kwao mke wangu, masanduku yamejaa mizigo ya watu, na siku zinaisha kwa kusalimia ndugu. Kwa hiyo mwezi wa kumi na mbili, tukiwa bado hatujui la mwezi wa pili, au mimi nikiwa sijui, tulikata tiketi za mwezi wa tano, wakati shule zinafunga kwa wiki moja.

Nieleze kidogo tulivyofika hapo. Mimi ni dereva wa basi. Mke wangu alipokuja London alianza kwa kuwatunza wazee, kuwaogesha na kuwalisha, na alipofikisha miaka thelathini na mitatu akaamua kusomea uuguzi. Alisoma miaka mitatu huku anafanya kazi na huku ananyonyesha mtoto wa pili. Nikitoka shifti ya alfajiri yeye anaingia darasani. Akitoka yeye kazini mimi naondoka. Tulikuwa tunapokezana watoto mlangoni, mmoja anavua koti, mwingine anavaa. Watu wengi hapa wanaishi hivyo na ndoa zao zipo. Siisingizii kazi.

Siku ya mahafali yake sikwenda. Nilimwambia nimenyimwa ruhusa kazini. Alisema haidhuru, akaenda na rafiki yake mmoja wa chuoni ambaye hakuwa akihitimu mwaka ule, na rafiki huyo ndiye aliyekaa na watoto wetu ukumbini. Mimi siku hiyo niliendesha basi kutoka asubuhi hadi jioni. Ilikuwa miaka minne kabla ya Jumapili ile ya jikoni, na katika miaka hiyo minne hatukuizungumza hata mara moja.

Basi mwezi wa tano tukaondoka. Tulitua Pisa, tukapanda treni ya nusu saa hivi, tukashuka nje ya ukuta wa Lucca jua likiwa kali. Mama mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alitupandisha ghorofa ya tatu, akatufungulia madirisha, akatuonyesha jinsi ya kuwasha jiko, halafu akatutazama sote wanne tumesimama pale na mabegi yetu. Akasema kwa Kiitaliano kwamba ni familia nzuri. Maneno hayo mawili tuliyaelewa hata sisi. Mke wangu akamshukuru. Binti mdogo, mwenye miaka sita, akauliza bibi amesema nini, nami nikajifanya ninahangaika na zipu ya begi.

Chumba chetu kilikuwa na kitanda kimoja kikubwa. Nyumbani nilikuwa nimeshahamia kwenye kochi kwa kisingizio cha shifti za alfajiri. Huku hakukuwa na kochi. Asubuhi ya kwanza nilipoamka nilikuta tumelala kila mmoja ukingoni kwake, katikati pamebaki nafasi ya kumtosha mtu mzima, na mtoto mdogo ameingia pale bila sisi kumsikia, kalala chali, mikono kaitanua.

Siku hiyo binti mkubwa alitoa karatasi. Alikuwa ameandika ratiba ya siku zote nne kwa kalamu za rangi: kanisa gani, uwanja gani, tule wapi. Nilimtania nikamwambia atanichukulia kazi yangu ya njia na vituo. Hakucheka sana. Alisema kwa Kiingereza, maana Kiingereza ndicho alichotujibia siku zote hata tukimsemesha Kiswahili, kwamba lazima tuifuate ratiba kama ilivyo.

Jambo la kwanza kwenye ratiba lilikuwa ukuta. Ukuta wa Lucca ni mpana kiasi kwamba juu yake kuna barabara na miti pande zote mbili, na watu hukodi baiskeli kuuzunguka mji wote. Kuna vigari vya magurudumu manne vyenye paa la turubai, wakubwa wanakaa na kukanyaga pedeli, watoto wanakaa mbele. Binti mkubwa alikataa baiskeli za mtu mmoja mmoja. Alitaka kigari. Akatupanga mwenyewe: Baba hapa, Mama hapa, karibu karibu.

Kigari kile hakiendi mmoja akikanyaga peke yake; kinavuta upande. Mwanzoni tuligonga ukingo wa nyasi mara mbili. Mke wangu akasema, "Wewe dereva wa kazi, unatuua kwenye bustani." Nikasema tatizo ni kondakta wangu. Akacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko kile kwa muda mrefu, kile kinachoanzia puani. Tukapata mwendo. Chini upande mmoja kulikuwa na mapaa ya vigae vyekundu na minara ya makanisa, upande wa pili mashamba na milima ya buluu, na mtoto mdogo mbele anawapungia watu wote mkono kama malkia. Mimi nikasahau. Sina namna nyingine ya kusema. Nilisahau kabisa mwezi wa sita, nikauweka mkono wangu juu ya goti la mke wangu, kama nilivyokuwa nikifanya zamani tukikaa kwenye gari la mtu.

Aliuchukua mkono wangu kwa mikono yake miwili, polepole, akanirudishia. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Akaendelea kukanyaga pedeli akitazama mbele, nami nikakanyaga, tukamaliza mzunguko.

Siku ya pili tulizunguka makanisa na kula mpaka tukachoka. Kila tulipofika mahali, binti mkubwa alitaka tupigwe picha, na kila picha alitaka mimi na mama yake tusimame katikati na wao pembeni. Alikuwa akiwasimamisha wapita njia, watalii wa Kijapani, wazee wa Kiitaliano, akiwaomba kwa adabu, halafu anakuja mbio kujipanga. Kama tumeachana kidogo anatusukuma mabegani tukaribiane. Niliona ni utoto tu.

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya mnara. Ngazi ni zaidi ya mia mbili, na mke wangu anaogopa urefu, hata ghorofa za hospitalini huwa hasogelei dirisha. Alisema atabaki chini na mdogo wale aiskrimu. Binti mkubwa hakupenda. Alimbembeleza, akamshika mkono, akamwambia ni lazima wote wanne, ndiyo iliyoandikwa. Mama yake akasema, "Siwezi, mwanangu. Nenda na Baba." Nikaona macho ya mtoto yamejaa machozi kwa jambo dogo kama lile, nikashangaa.

Tulipanda sisi wawili. Juu kabisa ngazi inakuwa ya chuma, unatokeza kwenye tundu, na miti ile ipo kweli, mialoni ya kweli kwenye udongo wa kweli, mizizi imejikunja kwenye vitalu vya matofali. Upepo ulikuwa mzuri. Nilimwambia, haya, mnara wako huu. Alikwenda kuegemea ukuta akatazama chini kule alikobaki mama yake. Kisha bila kugeuka akasema, kwa Kiswahili:

"Baba, Mama akihama, mimi nitakaa na nani?"

Lafudhi yake ilikuwa ya London, lakini kila neno lilikuwa mahali pake. Mimi ni Msambaa, mke wangu Mhehe, kwa hiyo tulipotaka kusema ya siri mbele ya watoto tulitumia Kiswahili hichohicho, tukikiendesha kwa kasi, tukiamini wanajua cha kula na kulala tu.

"Nani kakwambia Mama anahama?"

"Nyinyi. Mnasema haraka-haraka mnafikiri sielewi. Mimi naelewa. Tangu siku ile mama anakata mboga."

Nilihesabu kichwani. Miezi mitatu na zaidi. Miezi mitatu mtoto amekwenda shule, amefanya mazoezi ya hesabu, amekaa mezani na sisi, na jambo hili analo.

"Mbona hukutuambia?"

"Mlisema tusijue. Mlisema tupate safari nzuri." Hapo Kiswahili kilimwishia, akaendelea kwa Kiingereza, haraka, akifuta pua kwa mkono wa sweta. Alisema alifikiri kama safari ikiwa nzuri sana, tutabadili mawazo. Ndiyo maana ya ratiba. Ndiyo maana ya kigari na picha. Alikuwa amesoma mahali, sijui wapi, kwamba watu wakifanya mambo pamoja wanapendana tena. Akasema mpango ulikuwa unakwenda vizuri mpaka Mama alipokataa kupanda.

Nilimkumbatia. Watalii walitupisha. Alikuwa mrefu tayari, kichwa chake kinanifika kidevuni. Akaniuliza, sasa tena kwa Kiswahili, sauti ikiwa ndani ya shati langu, "Umemwomba msamaha?"

"Nimemwomba abaki."

"Siyo kubaki. Msamaha."

"Wa nini, mwanangu?"

Aliinua uso. "Siku ile amevaa joho. Mimi nilikuwa pale. Alikuwa anakutafuta. Anaangalia viti vyetu, anaangalia tena. Hata wakati wanaita jina lake alikuwa anaangalia mlango."

Alikuwa na miaka minane siku ile. Alikuwa ameyaweka hayo moyoni, na mimi niliyeyasababisha nilikuwa sijui kwamba yapo. Nilidhani mahafali ni mambo ya nusu saa, mtu anapanda, anapewa mkono, anashuka. Sikujua kwamba mama yake alikuwa bado ananitarajia. Alifikiri labda nitaachiwa dakika za mwisho, niingie mbio na sare zangu.

Tulishuka. Nilimwambia binti mkubwa akae na mdogo wake kwenye baraza ya kanisa iliyokuwa karibu, mahali tunapoweza kuwaona, nikamwomba mke wangu tukae kwenye benchi la upande wa pili. Nilimwambia kwanza kwamba mtoto anajua. Alifumba macho. "Tangu lini?" "Tangu siku yenyewe." Alikaa hivyo, amefumba macho, mkono mdomoni.

Halafu nikasema lile jingine. "Siku ya mahafali yako sikunyimwa ruhusa. Sikuomba."

Nilitegemea atashtuka. Alisema, "Najua."

"Unajua?"

"Nilijua wiki ileile. Mwenzako wa kazini alinikuta dukani, akanipongeza, akaniambia ulivyojitolea kumshikia mtu shifti Jumamosi ile. Alidhani anakusifia."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

Nikamwambia yote. Nilimwambia kwamba nilikuwa na kinyongo ambacho nilikuwa nakificha hata mimi mwenyewe. Kwamba kila alipofungua kitabu mezani niliona anakwenda mahali ambapo mimi sitafika, na kwamba nilimwonea wivu mke wangu mwenyewe, mwanamke aliyekuwa akisoma huku mtoto yuko kifuani ananyonya. Nilimwambia nisamehe. Sikuwahi kumwambia neno hilo kwa jambo kubwa. Kwa kuchelewa, kwa kuvunja sahani, ndiyo. Kwa hili, hapana.

Alilia. Nilitaka kumshika lakini nilikumbuka jinsi alivyourudisha mkono wangu, nikautuliza mapajani. Alipomaliza akafuta uso kwa kitambaa cha karatasi kilichokuwa kimezungushwa kwenye aiskrimu.

"Asante," alisema. "Nilikuwa nalihitaji hilo. Kweli nilikuwa nalihitaji."

"Sasa nimelisema."

"Umelisema. Na nimekusamehe, sikudanganyi. Lakini baba watoto, mimi nilishaacha kusubiri. Sijui ni siku gani. Niliamka tu siku moja nikakuta sisubiri tena."

Upande wa pili binti mkubwa alikuwa akitutazama bila kupepesa, ameukaza mkono wa mdogo wake. Mama yake alimwona pia. Tukainuka tukaenda, na jinsi tulivyokuwa tunatembea, yeye mbele mimi nyuma, nadhani mtoto alipata jibu lake kabla hatujafika.

Tulikubaliana kwamba mkubwa hawezi kuubeba mzigo ule peke yake hata siku moja zaidi. Asubuhi ya mwisho, baada ya chai, tukamwambia mdogo. Mama yake ndiye aliyesema, kwa maneno mepesi: nyumba mbili, vitanda viwili, Mama na Baba wanawapenda vilevile. Mdogo alisikiliza akitafuna mkate. Akauliza kama paka wa jirani atakuja nyumba zote mbili. Tukasema hapana, paka atabaki kwake. Akaomba juisi nyingine. Nikafikiri, Mungu mkubwa, amelipokea. Baadaye tulipokuwa tunafunga mabegi tukamkosa. Tulimkuta chini ya kile kitanda kikubwa, katikati kabisa ambapo mkono haufiki, na alikataa kutoka kwa muda mrefu. Dada yake ndiye aliyejilaza sakafuni, akaingia humo chini, wakakaa wote wawili. Mimi na mama yao tulikaa juu ya kitanda tukisikiliza wanavyonong'ona, hatujui wanasema nini.

Mama mwenye nyumba alikuja kuchukua funguo. Aliona macho yetu, akaona watoto, safari hii hakusema kitu. Alimpa kila mtoto biskuti zilizofungwa kwenye leso ya karatasi, akatufungulia mlango.

Kwenye ndege viti vilikuwa vitatu vitatu. Nilikaa ng'ambo ya njia.

Mwezi wa sita nilikodi gari dogo la mizigo nikamhamisha mwenyewe, maana ningemwachia nani. Nilibeba kabati lake, masufuria, cherehani ya mama yake, na vitabu vyake vyote vya uuguzi. Nilifunga vitanda vya watoto kwenye chumba chao kipya, nikakaza skrubu mara mbili. Mke wangu alinipa maji nikanywa nimesimama. Jioni ile nilipiga simu Korogwe kumwambia mama yangu.

"Ulimpiga?" aliuliza.

"Hapana, Mama."

"Una mwanamke mwingine?"

"Sina."

"Basi ulifanya nini, mwanangu?"

Nilimwambia habari ya mahafali. Mama hakusoma zaidi ya darasa la nne. Alisema, "Kama angekuwa mtoto wangu wa kike ningekwenda kwa miguu," na akaniaga, akasema atampigia mkwewe kesho. Nasikia alimpigia, na bado humpigia.

Sasa imekwisha miaka miwili. Binti mdogo amezoea kuliko sisi sote. Ana orodha ya vitu vya kila nyumba na hasahau kitu. Mkubwa hajazoea. Si kwamba ananichukia. Ananisalimu, anakula, anaingia chumbani. Lakini tangu kule juu ya mnara hajaniambia tena neno hata moja kwa Kiswahili, na nikimsemesha kwa Kiswahili ananisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama mtu anayesubiri tangazo la stesheni liishe. Siku moja nilikuta ile ratiba yake ya kalamu za rangi kwenye pipa la taka la chumbani kwake, haijachanwa, imekunjwa vizuri mara nne. Niliiacha hapohapo, maana ilikuwa yake.

Jumapili jioni ndiyo siku ya kubadilishana. Tunakutana kituo cha treni, mama yao akitoka kazini na mimi nikiwa na watoto, au kinyume chake. Wiki iliyopita alikuwa amechoka, viatu vya kazi bado miguuni.

"Mdogo ana kikohozi," nilimwambia. "Dawa iko mfuko wa mbele."

"Usiku analala?"

"Analala. Kinamsumbua asubuhi."

"Na wewe? Umekonda."

"Nipo."

Akatikisa kichwa, akachukua begi la mtoto begani. Treni ikaja, wakapanda, mdogo akanipungia kupitia kioo. Mkubwa alikaa akinipa mgongo, amevaa vile vidude vya masikioni. Nilisimama mpaka milango ikafungwa, halafu nikapanda ngazi kwenda kutafuta basi la kurudi nyumbani.